Batwa wangapi wana minyoo? Namba inavyopatikana, na mahali inapopotelea

Chukua kijiji kidogo cha Batwa, watu wa asili wa msituni, kando ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, Kivu Kusini nchini Kongo, upande wa Kabare au Kalehe. Mpimaji anatoka Bukavu na boksi la vikopo, anakaa siku mbili, anarudi na namba: asilimia 40 wana minyoo ya tumbo. Namba hiyo itaingia kwenye ripoti, itaombewa dawa, itasomwa mbele ya wafadhili. Ndani yake, hata hivyo, kuna maamuzi ambayo mara nyingi hayaandikwi popote: nani aliombwa kinyesi, cha siku ngapi, kiliangaliwa baada ya muda gani, na dawa ya mwisho ilimezwa lini. Geuza moja tu kati ya hayo na kijiji kilekile kinaweza kuonekana kina asilimia 20, au 60.

Jambo hili ni zito kwa Batwa kuliko kwa majirani zao. Vijiji vyao ni vidogo, watoto wao wengi hawako kwenye madaftari ya shule, na namba yoyote mbaya inayowahusu hugeuzwa haraka kuwa tusi: kwamba ni wachafu. Kwa hiyo inafaa kuifungua namba hiyo na kutazama viungo vyake.

Minyoo gani hasa

Neno "minyoo" linakusanya viumbe ambavyo havifanani. Katika vilima vya Kivu, tatu ndiyo hutafutwa kwanza, yote ikiambukiza kupitia udongo uliochafuliwa na kinyesi.

Wa kwanza ni askarisi, ule mrefu mweupe ambao mama anauona kwenye haja ya mtoto. Jike mmoja hutaga mayai yapata 200,000 kwa siku. Yai likitoka si hatari papo hapo. Linahitaji kukaa kwenye udongo wiki mbili hadi nne ndipo kiini chake kikomae. Baada ya hapo linaweza kungoja miaka, mradi udongo una unyevu na kivuli. Likimezwa, hupita miezi miwili hadi mitatu kabla mnyoo mpya haujaanza kutaga.

Wa pili ni mnyoo mjeledi, mwembamba upande mmoja na mnene upande mwingine, unaojichoma kwenye ukuta wa utumbo mpana. Hutaga mayai machache sana ukilinganisha na askarisi, kama 3,000 hadi 20,000 kwa siku, na ndio mgumu kuliko yote kuutoa kwa dawa.

Wa tatu ni safura. Huu haungoji kumezwa: kiluwiluwi chake, yaani mnyoo mchanga, huingia kupitia ngozi, hasa ya mguu usio na kiatu, siku tano hadi kumi baada ya yai kuanguka penye udongo wa vuguvugu na unyevu. Hung'ata utumbo na kunywa damu. Aina moja humpotezea mtu kama mililita 0.03 za damu kwa siku kwa kila mnyoo, nyingine mara tano au zaidi ya hapo. Kwa mtu anayekula vizuri hiyo si kitu. Kwa mjamzito anayekula bugali na sombe bila nyama, ambaye pia anapata malaria, minyoo mia moja ni upungufu wa damu ulio wazi.

Baridi ya milimani huvisumbua viluwiluwi vya safura, wakati mayai ya askarisi huivumilia vizuri. Ndiyo maana si sahihi kuchukua matokeo ya bonde lenye joto na kuyabandika kwenye kijiji kilicho juu ya ziwa, mita 1,500 au 2,000 kutoka usawa wa bahari, eti kwa sababu wote ni Kivu Kusini.

Kipande cha miligramu 41.7

Kipimo kinachotumika zaidi kinaitwa Kato-Katz, na uzuri wake ni kwamba kinafanyika hata kwenye kituo cha afya kisicho na umeme wa uhakika, mradi kuna hadubini yenye kioo cha kuakisi mwanga. Kinyesi hupitishwa kwenye wavu mdogo kwa kukandamizwa, ili nyuzi na mabaki ya chakula yabaki chini. Kilichopita hukwanguliwa na kujazwa kwenye tundu la kigezo cha plastiki kilichowekwa juu ya kioo. Tundu hilo hubeba miligramu 41.7. Kigezo huinuliwa taratibu, kinabaki kidonge kidogo, na juu yake hulazwa kipande cha selofani kilicholowekwa angalau saa 24 katika mchanganyiko wa glisarini na maji, nusu kwa nusu, wenye matone ya rangi ya malakaiti ya kijani. Kioo hugeuzwa na kugandamizwa hadi kidonge kitandazike sawasawa. Gazeti likiwekwa chini yake, herufi zinapaswa kusomeka. Kisha mayai yote huhesabiwa, na jumla huzidishwa kwa 24 ili kupata idadi kwa gramu moja.

Makosa huanza hapo hapo. Kigezo kisichojaa hadi ukingoni kinapunguza namba. Kinyesi cha majimaji hakipimiki kwa njia hii, kwa kuwa hakikai kwenye tundu. Kikilazimishwa, matokeo ni ya kubahatisha. Kubwa zaidi ni muda. Glisarini ndiyo inayosafisha kinyesi hadi mayai yaonekane, lakini ikiendelea kufanya kazi huyayeyusha machoni mayai ya safura, ambayo yana ganda jembamba. Yasomwe ndani ya dakika 30 hadi 60 tangu kioo kitayarishwe. Askarisi na mjeledi wanaweza kungoja hata kesho yake. Fundi wa labo anayeandaa vioo arobaini asubuhi, akala, kisha akaanza kusoma saa nane mchana, ataandika askarisi sahihi na safura sifuri. Ripoti itasema "safura haipo kijijini", nayo ipo.

Safari nayo ina lake. Kinyesi kilichokusanywa alfajiri upande wa Kalehe, kikapakiwa kwenye pikipiki bila boksi la baridi na kufika Bukavu jioni, kinaweza kuwa na mayai ya safura yaliyokwisha kuanguliwa. Barafu nayo isiguse vikopo. Kuganda huharibu mayai vilevile. Kwa maoni yetu ni afadhali kubeba hadubini kwenda kijijini kuliko kubeba kinyesi kuja mjini. Hadubini moja ndani ya sanduku lenye sponji, meza chini ya mti, na saa ya kuandikia dakika kwenye kila kioo, vinatoa matokeo bora kuliko labo nzuri iliyo mbali.

Halafu kuna udogo wa kipande chenyewe. Mtu mwenye mayai 10 tu kwa kila gramu ana maambukizi kweli, lakini katika miligramu 41.7 unategemea kukuta chini ya nusu ya yai. Kwa hesabu ya bahati, mara mbili kati ya tatu kioo chake kitakuwa kitupu. Vioo viwili vya kinyesi kimoja vinasaidia kiasi. Vinyesi viwili vya siku mbili tofauti vinasaidia zaidi, kwa sababu mayai hayatoki sawa kila siku. Chukulia kipimo cha siku moja kinawaona watu 6 kati ya kila 10 wenye maambukizi mepesi. Ukiandika asilimia 30, kijijini kuna asilimia 50. Tofauti hiyo inatosha kubadilisha idadi ya vidonge vinavyoletwa, kama tutakavyoona.

Na kuna mnyoo ambao Kato-Katz hauoni kabisa. Strongiloide hutoa viluwiluwi kwenye kinyesi badala ya mayai. Kuupata kunahitaji kinyesi kibichi kiwekwe juu ya shashi kwenye faneli yenye maji ya vuguvugu, viluwiluwi vishuke vyenyewe, au kioteshwe kwenye sahani ya agari. Kazi hiyo ni ndefu, kwa hiyo hurukwa. Madhara yake si madogo: mnyoo huu hujiambukiza upya ndani ya mwili uleule kwa miongo, na mgonjwa akipewa dawa za kushusha kinga kama deksamethasoni unaweza kuenea mwili mzima na kuua.

Namba ya chini ya sehemu

Asilimia ni sehemu: juu wenye minyoo, chini waliopimwa. Watu hubishana juu ya ile ya juu. Kwa Batwa, tatizo kubwa liko kwenye ile ya chini.

Utafiti wa minyoo kwa kawaida hufanyika shuleni, na kwa sababu nzuri. Watoto wa miaka 5 hadi 14 ndio wenye askarisi na mjeledi kwa wingi, wako pamoja, mwalimu ana orodha. Lakini orodha ya mwalimu ni ya wanaosoma. Mtoto wa Kitwa ambaye wazazi wake walishindwa kulipia vifaa, au aliyeacha baada ya kuchekwa darasani, hayumo juu wala chini. Si kwamba amehesabiwa kuwa mzima. Hayupo kwenye hesabu. Namba ya eneo zima la afya hutoka kwa watoto wa majirani, kisha husomwa kana kwamba inawahusu wote. Ugawaji wa dawa nao ukipitia shule hiyohiyo, mtoto huyo amekosa mara mbili: hakupimwa na hakumezeshwa.

Dawa yake ni kuhesabu nyumba. Reko wa mtaa, yule mhudumu wa kujitolea anayejua kila mlango, apite siku moja kabla na kuandika kila mtu aliyelala hapo usiku huo, akiwemo mgeni, mzee, na aliyeenda kulima kwa watu. Orodha hiyo ndiyo namba ya chini. Tangu vita vifike Bukavu Februari 2025, watu wamehama na kurudi na kuhama tena, kwa hiyo sensa ya mwaka juzi haifai hata kama imechapwa vizuri.

Udogo wa vijiji pia unadanganya. Ukipima watu 60 na 30 wakawa na minyoo, unasema asilimia 50. Kama hao 60 ni sampuli ya jamii kubwa zaidi, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 37 na 63. Ukipima 300 na kupata 150, mpaka unabana hadi kama 44 na 56. Tena watu wa nyumba moja hutumia choo kimoja, au kichaka kimoja, kwa hiyo watu 300 kutoka nyumba 40 si ushahidi mpana kama watu 300 kutoka nyumba 200. Ndiyo maana kulinganisha kijiji kimoja cha Batwa na kimoja cha Bashi au Bahavu, kisha kutangaza kwamba "Batwa wana minyoo zaidi", ni kosa. Umelinganisha vijiji viwili, ambavyo vinaweza kutofautiana kwa maji, mwinuko au tarehe ya kampeni ya mwisho.

Ana minyoo, lakini mingapi?

Hapa ndipo wasomaji wengi wa ripoti hupotea. Watoto wawili, wote "wana minyoo": mmoja ana mitatu, mwingine ana mia. Asilimia inawahesabu sawa. Mwili hauwahesabu sawa.

Shirika la Afya Duniani linagawa uzito wa maambukizi kwa mayai katika gramu. Kwa askarisi, chini ya 5,000 ni mepesi, 5,000 hadi 49,999 ni ya wastani, 50,000 na kuendelea ni mazito. Kwa mjeledi mipaka ni 1,000 na 10,000. Kwa safura ni 2,000 na 4,000. Tazama maana yake: fundi amehesabu mayai 52 kwenye kioo, mara 24 ni 1,248. Yakiwa ya askarisi, mtoto ana maambukizi mepesi. Yakiwa ya mjeledi, ni ya wastani tayari. Namba ni ileile. Mnyoo ndio unaotofautiana, na fundi aliyeandika "minyoo +" kwenye daftari amefuta habari yote hiyo kwa alama moja.

Karibu kila mahali minyoo hugawanyika isivyo sawa: wengi wana michache, wachache wanabeba rundo. Hao wachache ndio wanaoziba utumbo, wanaotoa mnyoo kwa mdomo au pua, wanaodumaa, na ndio wanaomwaga mayai mengi kwenye udongo wa wengine. Jamii mbili zenye asilimia 45 zinaweza kuwa na shida tofauti kabisa. Kwa hiyo kila ripoti iandike namba mbili pamoja: asilimia ya wenye maambukizi, na asilimia ya wenye maambukizi ya wastani au mazito. Ikitolewa moja tu, idai nyingine.

Tahadhari moja kuhusu bwaki. Mtoto mwenye miguu iliyovimba, nywele nyekundu na uso mnene huambiwa haraka kwamba "ni minyoo". Minyoo inaweza kuzidisha njaa ya mwili, lakini bwaki ni utapiamlo mkali unaotaka matibabu ya lishe yenye utaratibu. Kidonge kimoja cha minyoo hakiuponyi, na siku zinazopotea kwa kungoja kifanye kazi zinaweza kumuua mtoto.

Udongo ni wa nani

Batwa hawana damu inayovuta minyoo. Wana historia ya ardhi. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa 1975, na familia zilizoishi msituni zikatolewa bila ardhi mbadala. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ulitangazwa hadharani, ukisema haki zao zilivunjwa.

Jamii inayohama msituni huuacha uchafu wake nyuma. Kambi husogea, mayai yanakomaa mahali pasipo na mtu. Familia ileile ikibanwa miaka arobaini kwenye kipande cha shamba la mtu mwingine, mayai yanakomaa mlangoni. Na choo je? Ni vigumu kumwambia mtu achimbe shimo la mita tatu kwenye ardhi anayoweza kufukuzwa kesho, au ambayo mwenye shamba hataki ichimbwe. Shimo linapaswa kuwa angalau mita 30 kutoka chemchemi, na chini yake pabaki mita moja na nusu kabla ya kufikia maji ya ardhini. Kwenye kiwanja cha hatua ishirini chenye nyumba sita, hakuna mahali panapokidhi masharti hayo. Sheria ya Kongo nambari 22/030 ya Julai 2022, inayolinda haki za watu wa asili, inatoa msingi wa kudai ardhi, na kwa macho ya mtu wa afya dai hilo ni kinga ya minyoo kama kidonge kilivyo.

Jambo moja linawashangaza wengi mjini: klorini tuliyoizoea kwa sababu ya kipindupindu haiui mayai ya askarisi kwa kipimo cha kawaida cha maji ya kunywa. Ganda lake ni gumu mno. Kuchemsha kunayaua. Kumwaga majivu chooni kunapunguza harufu na nzi, lakini kinyesi cha wiki mbili chenye majivu bado si mbolea salama kwa mboga.

Vidonge, na tarehe yake

Mpango wa kawaida ni albendazole miligramu 400 au mebendazole miligramu 500, mara moja, kwa kila mtu wa kundi linalolengwa bila kumpima mmoja mmoja. Mtoto wa miezi 12 hadi 23 hupewa nusu ya albendazole, yaani miligramu 200. Chini ya miaka mitatu kidonge kisagwe na kuchanganywa na maji. Kamwe usimbane pua mtoto anayelia, maana kinaweza kumkwama kooni. Mjamzito asubiri hadi miezi mitatu ya kwanza ipite. Kiwango cha maambukizi ndicho huamua ratiba: kikifika asilimia 20, mara moja kwa mwaka, kikifika 50, mara mbili. Rudi sasa kwenye ule mfano wa asilimia 30 iliyokuwa kweli 50: kijiji hicho kitapata nusu ya dawa kinayostahili.

Dawa hizi mbili si sawa. Kwa dozi moja, zote huponya askarisi kwa zaidi ya watu 9 kati ya 10. Kwa safura, albendazole huponya karibu 8 kati ya 10 na mebendazole kama 3 tu. Kwa mjeledi zote ni dhaifu, 3 au 4 kati ya 10. Kampeni za vitamini A zinazowapa watoto wadogo mebendazole zina faida kubwa dhidi ya askarisi, ila zisihesabiwe kuwa zimemaliza safura. Na dozi moja ya albendazole haitoshi kwa strongiloide, ambaye anataka ivermectin kwa uzito wa mtu.

Kisha minyoo inarudi. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kwamba miezi sita baada ya dawa, askarisi huwa umerejea kwenye theluthi mbili ya kiwango cha mwanzo, na baada ya mwaka karibu wote. Hii inaeleza matokeo ya ajabu ambayo huwafanya watu wabishane bure: timu ya Machi inapata asilimia 12, ya Novemba inapata asilimia 48, kila moja inamtuhumu mwenzake. Wote wawili walipima vizuri. Mmoja alikuja wiki nne baada ya vidonge, wakati minyoo iliyobaki bado ni michanga haijataga.

Kuomba kinyesi nako kunataka adabu. Watu wengi hawapendi kinyesi chao kipelekwe wasikokujua, na wana haki. Mkutano ufanyike kwanza na wazee na akina mama, kwa lugha yao. Waambiwe kitaangaliwa hapa hapa na kufukiwa hapa hapa, waonyeshwe yai kwenye hadubini, na atakayekataa apewe dawa sawa na aliyekubali. Matokeo yarudi kijijini kabla hayajafika Bukavu.

Mwisho ripoti iandikwe hivi, namba zikiwa za mfano tu: "Watu 180 walilala kijijini. 141 walileta kinyesi, kati yao 118 kwa siku mbili. Vioo vilisomwa ndani ya saa moja. Dawa ya mwisho ilitolewa miezi saba iliyopita, kwa wanafunzi 22 peke yao. Wenye askarisi 63, kati yao 14 wastani au mazito, mjeledi 40, safura 19. Strongiloide hakutafutwa." Wale 39 ambao hawakuleta kinyesi wabaki na mstari wao kwenye daftari la reko, jina na nyumba, na wamezeshwe siku ileile pamoja na wengine.